Kipepeo cha Shingoni

Tabia haina dawa.
Ndivyo alivyosema shangazi Mwanahawa,
kakaa kizingitini kwetu, Barabara ya Kumi na Saba,
anachambua mchele na kumchambua mama:
hasira za wifi yangu kazinyonya titini,
bibi yake naye alimrushia mume kinu.
(Kinu hakirushwi, shangazi. Mchi, labda.)

Nasi tuliamini.
Mlango ukibamizwa hivi, ni mwiko,
ukibamizwa vile, ni mkanda.
Hemedi alizisikiliza nyayo zake uani
kama wazee wasikilizavyo matangazo ya vifo.
Kovu la kiwiko changu ni bei ya mafuta ya taa,
chupa moja ya soda, niliyoipiga teke gizani.

Baba alivumilia miaka tisa,
kisha akachana karatasi kwenye daftari langu la hesabu,
upande mmoja jedwali la saba,
upande wa pili talaka,
akapanda basi la Korogwe.
Sababu: ulimi.

Mama hakulala. Saa nane za usiku anafua mapazia.
Alikula sahani mbili na kukonda,
uzi ukakataa tundu la sindano,
macho yakamtoka, majirani wakasema
roho mbaya hiyo, imechoka kujificha.

Mpaka alipoanguka kwenye foleni ya maji
tukampeleka Bombo.
Daktari Shemweta, kijana, kalamu sikioni,
hakuuliza habari za bibi wala kinu.
Alimshika shingo
kama mchuuzi wa Muheza abonyezavyo chungwa,
akasema: meza mate.
Akasema tena: meza.
Halafu akatuchorea nyuma ya cheti
kipepeo, mbawa mbili, katua chini ya koo.
"Hiki kitezi kinafanya kazi ya watu kumi.
Kinaumwagia mwili moto,
na mwili haujui kubisha."

Vidonge. Asubuhi, mchana, usiku.
Mwezi wa pili mama alilala mpaka jua likamkuta.
Mwezi wa tatu Hemedi aliangusha birika la kaure
tukaganda wote wawili, watu wazima na ndevu zetu,
tukingoja mlango.
Mama akasema: "Pole. Hujakatwa?"

Hujakatwa!
Nilikwenda chooni nikafungua bomba
wasisikie ninavyolia.

Basi nimdai nani?
Kiwiko hiki nikipeleke kwa nani, kwa kinyama
kisichozidi yai la njiwa?
Karatasi ile ya jedwali la saba
itafutwa na kidonge gani?
Na yule aliyejifunga kibwebwe
akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu
siku niliposingiziwa wizi wa chaki,
akasimama, hakukaa, hakunywa maji yao,
mpaka jina langu likafutwa ubaoni,
naye alikuwa tezi?
Mama huyu wa sasa, mpole, sidhani angekwenda.
Angesema, mwanangu, tumwachie Mungu.
Nampenda huyu. Yule namkumbuka,
na sijui kama kumkumbuka ni kumtakia ugonjwa.

Wiki iliyopita nilimfokea binti yangu, Mwanatumu,
kwa ajili ya kiatu kimoja.
Niliuona mkono wangu juu, hewani,
na macho yake yakiupima urefu,
kwa utaratibu, kama mtu mwenye uzoefu.
Nikachukua baiskeli mpaka Bombo, nikatoa damu.

Majibu yamo humu, bahasha ya kaki,
juu ya meza, karibu na kikombe cha mama.
Ananiambia, ifungue basi, mbona watetemeka?
Sijui natetemeka kwa nini.
Shangazi kashusha ungo, kanyamaza, ajabu.
Naogopa kukuta tezi imeharibika.
Naogopa zaidi kukuta ni nzima.